Je, Asemaye Kweli kwa Herufi Ndogo Amesema Kweli?

Kila aendaye sokoni akijua kibaba chenye kitako kilichoinuliwa. Kwa nje chafanana na vibaba vingine, kwa ndani kimepungua. Mwenye kibaba hicho hakutamka neno lo lote la uongo, walakini wote humwita mwongo. Basi tuulize: je, muuzaji aliyetii sheria yote ya nchi, aweza kuwa mwongo bado?

Tutwae mfano wa Uingereza, ambako soseji ni chakula cha kila siku. Nyama ikiisha kusagwa, jicho la mnunuzi haliwezi kujua kilichomo. Kwa hiyo sheria imesema kwa ajili yake. Kwa amri ya mwaka 2014, kitu hakiwezi kuuzwa kwa jina la soseji ya nguruwe isipokuwa sehemu 42 katika 100 ni nyama ya nguruwe. Baga ya ng'ombe yatakiwa sehemu 62. Ikiitwa baga ya bei nafuu, sehemu 47 zatosha. Mafuta yaliyoshikamana na nyama ya ng'ombe nayo huhesabiwa kuwa nyama, maadamu hayazidi sehemu 25 katika 100. Tena yapasa kila kilichotiwa kiandikwe katika kibandiko, kilicho kizito kikitangulia, na kwa kawaida herufi zisipungue kimo cha milimita 1.2.

Sheria hiyo ni njema, wala hatuidharau. Pasipo hiyo, mwaminifu angeshindwa na mdanganyifu, maana atiaye mkate mwingi na nyama kidogo aweza kuuza kwa bei ndogo. Wala si dhambi kutia mkate katika soseji. Mama maskini anunuaye baga ya sehemu 47, hali akijua, na kulipa bei iliyo haki, hakudhulumiwa na mtu.

Lakini yuko muuzaji mwingine. Huyu amechora juu ya kasha ng'ombe mnene malishoni, na jina la chakula ameliandika kwa herufi nene. Hesabu ya nyama ameiweka nyuma, kwa herufi za milimita 1.2. Kweli ameiandika, walakini ameiandika akitumaini isisomwe. Hapo ndipo penye shauri letu. Mtu husema uongo kila amwachapo mwenzake kuamini jambo ambalo yeye mwenyewe ajua silo, hata kama kila neno lake ni sahihi. Sheria yaweza kupima kimo cha herufi, bali tumaini la moyo haiwezi kulipima.

Labda mtu atasema, "Kuna madhara gani, kama aliyekula hakuugua?" Na akumbuke mambo ya Ireland. Mwezi wa Januari 2013, wakaguzi wa chakula wa nchi ile walitangaza kwamba walipima aina 27 za baga za ng'ombe, na katika 10 walikuta alama za asili ya farasi. Katika moja, kiasi cha farasi kilikuwa kama sehemu 29 katika 100 za nyama iliyomo. Katika aina 23 walikuta alama za nguruwe, ingawa nyingi zilikuwa kidogo sana. Wakaguzi walisema wazi kwamba afya ya watu haikuwa hatarini. Na Ufaransa farasi huuzwa buchani hadharani. Mbona basi watu walikasirika hivyo? Kwa sababu waliondolewa haki ya kuchagua. Ajiepushaye na nguruwe kwa ajili ya dini yake aliamini kibandiko kama mtu aaminivyo neno la jirani. Tumbo lake halikuumwa, lakini imani yake kwa mwenzake ilivunjwa. Na imani ikivunjika sokoni, hata muuzaji mwema hushukiwa.

Luther alipoeleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo, alihesabu bidhaa za hila pamoja na wizi. Hakungoja mahakama iseme kwanza. Basi kila auzaye, awe na kiwanda au meza ya samaki, na ajiulize: je, mnunuzi akisimama nyuma yangu nikitengeneza, akaona kila nitiacho, nitaona haya? Kama nitaona haya, sijasema kweli bado, hata nikiwa nimetii sheria yote.

Neno la mwisho ni letu tulio wasomaji. Wako wasiojua kusoma, na wazee ambao macho yao yamefifia. Kwao kweli ya kibandiko ni kama haikuandikwa. Ukisimama dukani karibu na mzee ashikaye kopo na kuligeuza-geuza, usipite. Msomee, pamoja na zile herufi za nyuma.