TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: BOLTI ILIYOGANDA



Ndugu zangu wa Njombe, Makambako na popote mlipo, leo nina kisa cha pawatila. Wenyewe wameniruhusu nisimulie, ila bila majina.

Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Walichanga pesa wakanunua pawatila kuukuu, katika zile zilizoingia kwa wingi enzi za Kilimo Kwanza, tangu 2009. Wakalimia viazi vyao, wakawalimia na majirani kwa kulipwa. Halafu wakagombana juu ya pesa za kulimia: nani alipokea, nani hakupewa. Kila mmoja akasema mwenzake asiiguse. Ikabaki chini ya mparachichi misimu mitatu ya mvua, na mnajua mvua na ukungu wa huku kwetu. Muda wote huo na wao hawakusalimiana. Msikitini mmoja anakaa safu ya mbele kulia, mwingine nyuma kushoto.

Usiku wa kwanza wa tarawehe niliwaita mbele ya watu, nikawaambia wapeane mikono. Wakapeana. Takbira zikasikika, na mimi nikaenda kulala nimefurahi. Kesho yake mdogo hakuja, keshokutwa vilevile. Nikakutana naye sokoni, akaniambia: "Shehe, umenifunga mdomo mbele za watu. Sasa nikidai haki yangu, nitaonekana mimi ndiye mbaya."

Sikuwa na jibu. Nikajisemea, basi angalau mashine iwake, huenda ikawarudisha pamoja. Wakakubali niishughulikie. Nikaanza mwenyewe kufungua bolti za kifuniko cha silinda. Moja ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana nipate nguvu, nikavuta kwa uzito wote. Paa! Kichwa cha bolti kikabaki kwenye spana, mwili umebaki ndani.

Tukaipakia kwenye pikapu mpaka kwa fundi mmoja Makambako, mzee ambaye si wa dini yetu. Akatazama ile bolti, akasema: "Shehe, kutu haikuivunja hii. Ni haraka yako."

Nilikuwa na safari za Makambako siku zile, nikawa napita kumwangalia. Alinieleza kwamba kutu si uchafu uliotoka nje ukaja kunata. Ni chuma chenyewe kilichogeuka kwa maji na hewa, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya uzi wa bolti nafasi hakuna, kwa hiyo inavimba na kubana. Ukivuta kwa nguvu, kinachokatika ni bolti.

Yeye alisugua kwa brashi ya waya, akadondosha mafuta, akagonga taratibu kwa nyundo, akaacha mpaka kesho. Kesho yake, kabla ya kulegeza, nikaona anakaza kidogo. Nikamuuliza, mbona unakaza? Akasema anataka kutu ikatike kwanza. Ikisogea hata unywele mmoja, anatia mafuta, analegeza kidogo, anarudisha, analegeza tena. Pistoni nayo ilikuwa imeganda. Akamimina dizeli ndani ya silinda, na kila siku akawa anatikisa flaiwili mbele na nyuma. Siku ya sita ikasogea upana wa kidole. Hakuwahi kulazimisha, na hakuna siku aliyoiacha.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Mutaffifin, aya ya 14, ametaja nyoyo zilizofunikwa na kutu kwa yale waliyokuwa wakiyachuma wenyewe. Na sura hiyo inaanza na watu wa vipimo: wakipokea wanataka kijae, wakitoa wanapunguza. Sisi watu wa viazi tunaijua lumbesa, hatuhitaji tafsiri ndefu. Kutu ya moyo inaanzia kwenye hesabu, kwenye haki ndogo ndogo tunazosema "achana nazo".

Sasa swali: kumlazimisha mtu asamehe, huko ni kupatanisha? Utaniambia Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3. Ni kweli. Lakini akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Salamu ni wajibu wa leo hii, haingoji. Ila kutoa salamu si kufuta deni. Surat Al-Hujurat, aya ya 9, inatuamuru tusuluhishe kwa uadilifu. Mimi nilichukua suluhu nikauacha uadilifu. Fundi alikaza kwanza ndipo akalegeza. Kwangu hiyo ilikuwa kumsikiliza mtu dai lake mpaka mwisho, ndipo umwombe aachie.

Lakini na wewe unayesema "muda utaponya", angalia tena pale chini ya mparachichi. Muda peke yake unaongeza kutu. Katika Surat Al-Hadid, sura yenye jina la chuma, aya ya 16 inataja watu ambao muda uliwarefukia na nyoyo zao zikawa ngumu. Aya inayofuata inatukumbusha kuwa Allah huihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hakuna moyo wa kuukatia tamaa.

Nimemwomba radhi yule mdogo. Tangu hapo kila baada ya alasiri napita nyumba moja leo, nyingine kesho, na daftari. Msimu wa kwanza na wa pili hesabu zimekubaliwa. Wa tatu bado. Ila juzi mkubwa alianza kutoa salamu, na ikajibiwa. Pawatila inawaka. Ile bolti niliyoikata ilibidi itobolewe kwa drili na uzi ukatwe upya. Gharama nimelipa mimi.

Kabla ya tarawehe leo, mkumbuke mmoja mliyehamana. Mpigie, mtolee salamu tu. Kama ana dai, msikilize bila kumkatiza. Kesho rudia.

Ewe Mola, zisafishe nyoyo zetu, tupe subira ya kurekebisha na uadilifu wa kulipa. Aamin.

Wallahu a'lam. Mtumie na mwenzako.