Sheria ya Chungu na Heshima ya Mama

Torati, katika Walawi sura ya 11, yawakataza Wayahudi nyama ya nguruwe. Tena desturi yao hutenga vyungu vya nyama na vya maziwa. Kwa hiyo shule nyingi za Kiyahudi hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani ili kigawiwe watoto. Basi mama aleta keki ya sikukuu ya mwanawe, nayo yakataliwa. Je, sheria imeushinda upendo? La. Mwenye kuishika sheria kidogo aweza kula chakula cha mwenye kuishika sana, lakini huyu hawezi kula cha yule. Ndiyo maana sheria kali yawaketisha wote meza moja. Walakini mwalimu amwarifu mama mapema, asimwaibishe mbele ya mwanawe. Alindaye chungu, na ailinde pia heshima ya jirani.