Kura, Ushahidi na Majina Tusiyoonyeshwa

Tarehe 25 Oktoba 2015, katika kituo chetu cha kupigia kura hapa Tandika, kila mmoja alipewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ile ya mbunge ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza tuliijua, kumpata mbunge wa Jimbo la Temeke. Ya pili wengi hawaijui mpaka leo: kura hizo zilijumlishwa na kura za ubunge za nchi nzima ili vyama vigawiwe viti maalum vya wanawake. Ibara ya 78 ya Katiba ya 1977 inasema chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge kitapeleka majina ya wanawake kwa Tume ya Uchaguzi, na viti vitagawanywa kwa uwiano wa kura. Mwaka ule viti hivyo vilikuwa 113, vikaenda CCM, CHADEMA na CUF.

Ninafundisha darsa ya akina mama baada ya swala ya alasiri. Mmoja wao, muuza vitumbua, ndiye aliyeniletea swali: "Mwalimu, si ulisema kura ni ushahidi? Hao wa viti maalum, mimi nimewashuhudia saa ngapi?"

Masheikh wengi wa zama hizi wanafundisha hivyo. Ukiweka alama ya vema mbele ya mtu, unashuhudia kwa Mwenyezi Mungu kwamba huyu anafaa. Na shahidi hasemi ila alijualo. Suratul Israa, aya ya 36, inakataza mtu kuandama jambo asilo na elimu nalo. Sasa mama huyu anaulizwa juu ya mgombea mmoja anayemfahamu, kisha neno lake linabebwa na kutumiwa kwa wanawake ambao hata majina yao hakuyaona popote kituoni.

Kura ni amana pia. Katika fiqhi ya Shafii tunayosoma pwani hii, mlango wa wadia, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze, aliyewekewa hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine pasipo udhuru wala idhini ya mwenyewe. Akifanya hivyo kikapotea, analipa. Darsani hili halihitaji maelezo mengi, maana karibu wote wanacheza upatu. Kijumbe akisafiri kimyakimya na kumwachia shoga yake pesa na daftari, wanachama watahamaki hata kama huyo shoga ni mwaminifu kumshinda.

Zitazame basi kura za 2015. Temeke ilimchagua Abdallah Mtolea wa CUF, Kinondoni ikamchagua Maulid Mtulia, naye wa CUF. Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu na kuhamia CCM, na Februari 2018 akashinda uchaguzi mdogo. Novemba 2018 Mtolea akafanya vivyo hivyo, akapita bila kupingwa, kwa hiyo Temeke hatukupiga kura. Upande wa viti maalum, Julai 2017, CUF ikiwa imegawanyika kati ya Profesa Ibrahim Lipumba na Maalim Seif Sharif Hamad, upande wa Lipumba uliwavua uanachama wabunge wanane wa viti maalum, na wanawake wengine wanane wakateuliwa badala yao.

Simhukumu mtu, nia anazijua Mungu. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha. Lakini kuna tofauti ninayoiona kuwa kubwa sana. Kiti cha jimbo kilipokuwa wazi, sheria iliirudisha amana kwa wenyewe: Kinondoni wakaulizwa upya, na Temeke tungeulizwa kama angepatikana wa kushindana na Mtolea. Kwa wale wanane hakuna mpiga kura aliyeulizwa, wala sheria haikutaka aulizwe.

Novemba 2020 ikawa kinyume. Wanawake 19 wa CHADEMA, akiwamo Halima Mdee aliyekuwa mbunge wa Kawe, waliapishwa. Chama kikasema hakikuwapendekeza, kikawafukuza, nao wakaenda mahakamani na kubaki bungeni. Mara ile chama kilikuwa na kauli ya mwisho, mara hii hakikuwa nayo. Mpiga kura hakuwa nayo mara zote mbili.

Kuna wanaosema basi uwiano ufutwe. Siwaungi mkono, na sababu yangu iko ng'ambo ya bahari. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Zanzibar, chama cha ASP kilipata kura zaidi ya nusu, kama asilimia 54, lakini kwa hesabu ya majimbo kikaambulia viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP, chenye 12, na ZPPP, chenye 6, vikaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yale yalikuwa na mizizi mingi, na sidai kwamba hesabu nyingine ya viti ingeyazuia. Ninachosema ni kwamba watu wengi kuliko nusu walitoa ushahidi na haukupewa uzito wake. Suratul Baqara inahesabu kuficha ushahidi kuwa dhambi. Nikiupima utaratibu unaouzika ushahidi wa wengi namna ile, siuoni kuwa mbali sana na hilo.

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, 2013, ilipendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Hapo mwanamke angesimama mbele ya watu wakamjua, na hilo nalipenda. Ila kura za walioshindwa zingebaki chini vilevile.

Ninachotaka mimi ni orodha. Rwanda, wabunge 53 kati ya 80 hupatikana kwa orodha za vyama, na wagombea wanajulikana kabla ya siku ya kura. Nasi majina ya viti maalum yabandikwe kituoni, kwa mpangilio, pembeni ya picha za wagombea wa jimbo. Kiti kikiwa wazi, achukue aliyefuata kwenye orodha ileile waliyoiona wapiga kura, asiletwe mgeni.

Mama nilimjibu kwamba kwa mgombea aliyemfahamu ushahidi wake umesimama, na kwa wasioonyeshwa kwake hana dhambi. Akauliza orodha hiyo inaombwa wapi. Ofisi ya chama chake iko kata hiihii, na wiki ijayo nakwenda naye kuiomba.