Namba ya siri nayo ni amana



NDUGU zangu Waislamu, wiki hii naomba nizungumzie jambo lililotokea huku kwetu Kimbiji, ambalo limewagombanisha watu wanaoswali safu moja. Sitataja msikiti wala jina la mtu. Wahusika watajijua, na wasiohusika hawana haja ya kuwajua.

Msikiti huo ulikuwa unakusanya michango ya kuezeka madrasa. Mweka hazina ni mzee wetu mmoja, mvuvi, ambaye kwa miaka yote tuliyomfahamu hakuna aliyewahi kumwekea senti tano akaikosa. Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. Kijana akamtolea salamu ya Kiislamu, akamwita baba, akasema anatoka kampuni ya simu na kwamba laini ya mzee ingefungwa usiku ule kwa kuwa usajili wake haujahakikiwa. Itaingia meseji yenye tarakimu sita, akamwambia, nisomee tu baba nimalize kazi. Mzee akatafuta miwani yake, akasoma.

Zile tarakimu sita hazikuwa za usajili wa laini. Zilikuwa za WhatsApp. Mtu akitaka kuifungua WhatsApp ya namba yako kwenye simu nyingine, tarakimu hizo hutumwa kwenye laini yako ili ijulikane kuwa ni wewe unayefungua. Mwenye kuzipata ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye namba. Kabla ya adhana ya Isha, WhatsApp ya mzee ilikwisha kuzimika kwenye simu yake na kuwaka kwenye simu ya mtu mwingine asiyejulikana aliko. Kwenye kundi la jumuiya ya msikiti likaingia tangazo lenye namba ile ile ya mzee tuliyoizoea: Assalaam alaykum ndugu zangu, fundi wa bati anadai malipo ya mwisho leo hii, laini yangu ya fedha ina tatizo, michango yenu tumeni kwenye namba ifuatayo. Watu kumi na mmoja wakatuma.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, maneno yakawa mengi. Wapo waliosema mzee alipe yote. Wapo waliosema hakuna tapeli wala nini, ni yeye mwenyewe. Kijana mmoja akarekodi sauti akaisambaza, akimwita mzee mwizi wa mali ya Allah. Na wapo waliotoka msikitini bila ya kumpa mkono mtu aliyewafundisha watoto wao kuogelea.

Nimeulizwa na pande zote mbili: je, mzee alipe? Mimi si mufti. Lakini swali hili si la mzee mmoja, maana leo fedha za misikiti, za vikoba, za arusi na za sanda ziko kwenye simu za watu, na hatujakaa kitako kujiuliza ni nini maana ya kuilinda amana iliyomo ndani ya simu.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, na wenzao wa madhehebu mengine, wamesema kuwa aliyewekewa amana hana dhamana ikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea. Nyumba yake ikiungua na amana imo ndani, halipi. Lakini kama aliiacha barazani usiku ikaibiwa, analipa. Kinachotazamwa ni je, aliihifadhi mahali panapostahiki kuhifadhiwa kitu cha namna ile? Mahali hapo kwa Kiarabu huitwa hirzi. Hirzi ya dhahabu ni sanduku lenye kufuli, na hirzi ya mbuzi ni zizi. Sisi watu wa pwani tulilipokea neno hilo tukaligeuza hirizi, tukalishona kwenye kitambaa cheusi na kulifunga kwenye chombo. Sasa utamkuta nahodha chombo chake kina hirizi, na simu yake yenye akiba ya mwaka mzima namba ya siri ni 1234, au mwaka aliozaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho alichokitoa nakala kila ofisi.

Hirzi ya fedha zilizomo kwenye simu ni namba ya siri. Hirzi ya barua pepe ni neno la siri. Hirzi ya WhatsApp ni zile tarakimu sita. Vitu hivi ni funguo, na kwa habari ya ufunguo tunayo mafunzo. Wafasiri wengi wamepokea kuwa aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, iliteremka mwaka Makka ilipofunguliwa, kwa sababu ya ufunguo wa Al-Kaaba. Mtume (s.a.w.) aliurudisha ufunguo huo kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiushika tokea zamani, juu ya kuwa wapo watu wa karibu zaidi na Mtume waliotamani kuushika wao. Na hadi leo ukoo wa Bani Shaiba ndio wenye kuushika. Basi ikiwa mtu wa karibu hakupewa ufunguo usio wake, vipi anapewa mtu aliyepiga simu tu, hata sura yake hujaiona?

Sasa turudi kwenye swali. Kwa maoni yangu mzee halipi zile fedha. Hazikupata kufika mkononi mwake hata ziitwe amana. Kila mmoja katika wale kumi na mmoja alizitoa mfukoni mwake, kwa namba yake mwenyewe ya siri, akazipeleka kwa mtu mwingine. Na jambo moja wanalinyamazia: kabla hujathibitisha muamala, simu hukuonesha jina la aliyesajili namba unayoitumia. Wote waliona jina la mtu wasiyemjua. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari inapotujia, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kuhakikisha kwenyewe kulikuwa ni kumpigia mzee simu ya kawaida, ya sauti, kwa namba yake. Laini yake ilikuwa bado anayo mkononi! Kilichoibiwa ni WhatsApp tu. Nyumba ya mzee haifiki hatua mia tatu kutoka msikitini, na hakuna aliyekwenda.

Lakini siwezi kusema mzee hana lake. Ufunguo alioutoa haukuwa wa mlango wake peke yake. Ndani ya simu ile mna watu wote waliomwamini, na tapeli aliingia kwao kwa uso wa mzee. Wengi husema, mimi masikini, simu yangu ina nini cha kuibiwa? Ina jina lako jema, na jina hilo ndilo lililowafanya watu kumi na mmoja watoe fedha bila ya kuuliza.

Na sisi viongozi tuna letu kubwa zaidi. Tulimkabidhi mzee ufunguo wa jumuiya nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye nusu saa akamwelekeza. Nami ni miongoni mwao.

Basi angalau tuambizane sasa. Hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni ya simu, benki wala NIDA anayehitaji umtajie namba yako ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye meseji. Anayeziomba ni mwizi, hata akianza kwa bismillahi. Katika WhatsApp, tangu mwaka 2017, mtu anaweza kuongeza namba yake mwenyewe ya pili, inayoitwa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata tarakimu zikivuja mlango usifunguke. Mwombe kijana wako akuoneshe kwenye mipangilio, lakini namba uiandike wewe, yeye atazame pembeni. Na ikiwa umekwisha kuibiwa, usikae ukilia. Ifungue upya WhatsApp kwa namba yako, subiri tarakimu mpya, ziingize, na mwizi hutolewa humo humo. Kama mwizi aliwahi kuweka namba yake ya pili, utangoja siku saba ndipo uingie, lakini naye hatakuwemo. Huku ukingoja, pigia watu, tangaza msikitini, na kama fedha zimetumwa, kampuni ya simu iarifiwe mara moja kabla hazijatolewa kwa wakala, na polisi pia. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mzee wetu aliona haya, akanyamaza hadi asubuhi, na usiku ule ndio fedha zilipotolewa.

Ile meseji ya “hela itume kwenye namba hii” kila mtu anaijua na kila mtu huicheka, mpaka siku inapomkuta kweli alikuwa anakwenda kumtumia mtu kodi ya nyumba. Mwenye kuituma hakujui. Ametupa jarife bahari nzima, na katika maelfu hatakosa mmoja aliyekuwa njiani kwa wakala. Usiifute kimya kimya, ipeleke kwenye namba 15040 ya TCRA, ili ile namba ya tapeli ifungiwe.

Hapa mtu atauliza, laini zote si zimesajiliwa kwa alama za vidole? Ndiyo, kazi hiyo ilianza Mei 2019 na siku ya mwisho ilikuwa Januari 20, 2020. Lakini nani amesajili laini ya tapeli? Mara nyingi ni bibi wa watu. Kijana wa laini amekaa chini ya mwavuli, anamwambia bibi haijasoma, weka tena kidole, weka na mara ya tatu, kumbe kila kidole ni laini nyingine. Kwa hiyo mtu anaibiwa Tandika, na jina linalotokea ni la Muislamu mcha Mungu wa Pemba Mnazi ambaye hata simu kubwa hana. Piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda ukaikane kwenye duka la kampuni husika.

Niseme na wenye steshenari, kwani kwao hapazungumzwi. Mtoto amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba mkopo wa masomo au kazi ya serikali, hana kompyuta. Kijana wa steshenari anamfungulia barua pepe, anamtungia neno la siri, analiandika kwenye daftari lake yeye mwenyewe, na mara nyingi ni neno lile lile kwa wateja wote. Mtoto anaondoka, ukurasa umeachwa wazi, vyeti vyake vimebaki kwenye kompyuta ya dukani, na flashi yake inarudi nyumbani na virusi. Ndugu yangu wa steshenari, daftari lile ni rundo la amana. Mwache mteja aandike neno lake mwenyewe, refu, la maneno matatu au manne yasiyohusiana, na umkumbushe kutoka kwenye akaunti kabla hajanyanyuka. Na kama kompyuta zako bado ni za Windows 10, elewa kuwa watengenezaji waliacha kuziba matundu yake kwa kawaida tangu Oktoba 14, 2025. Ni nyumba isiyotiwa tena udongo, na unawakaribisha watu walale humo.

Bado hizi programu za mikopo ya simu. Riba yake haihitaji mimi kuisema, watu wenyewe wamekwisha kuiita kausha damu. Linalosahaulika ni kile kibonyezo cha kuruhusu ambacho mkopaji hukibonyeza bila ya kusoma, akawapa orodha ya majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Akichelewa siku mbili, mkwewe, imamu wake na bosi wake wanapata meseji ya kumfedhehesha. Mtume (s.a.w.) alimkasirikia mtu aliyechungulia chumbani mwake kupitia tundu, akaeleza kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Hodi ile si ya kwako peke yako, majina yale ni nyumba za watu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Ukiona nyingine mpya, nayo inaomba orodha ya majina, ifute.

Kuhusu mzee wetu, tulikaa Jumapili baada ya Alasiri. Alikuja na mashine ya boti yake juu ya mkokoteni, akataka iuzwe ili watu walipwe. Wazee walikataa, mashine ikarudi pwani. Saba katika wale kumi na mmoja wamesema wamesamehe. Kijana aliyerekodi sauti alisimama akaomba radhi, ingawa ile sauti imekwisha kufika Mji Mwema na haitarudi. Imekubaliwa kuwa mzee abaki na daftari, laini ya fedha ishikwe na mwingine, na tangazo lolote la mchango litolewe kwa mdomo baada ya Isha ndipo liandikwe kwenye kundi. Bati bado tunadaiwa. Na wapo wawili ambao hadi Ijumaa iliyopita walikuwa wanaswali upande wa pili wa msikiti ili wasikutane naye mlangoni.