Wimbo wa Mzee na Kipimo cha Uzima

Kuwalinganisha wanamuziki wakongwe kwa jinsi walivyotumbuiza katika tamasha huchukuliwa kuwa shughuli ya mashabiki, ambao hubishana kuhusu nani sauti yake ingali na nguvu na nani amebakiwa na jina tu, lakini ubishi huo umefunika swali ambalo mashabiki hawana haja ya kulijibu na ambalo mwanafalsafa hawezi kulikwepa: kinachopimwa ni nini? Mtu anayesema kwamba mzee fulani alipiga vizuri kuliko mwenzake huenda anapima usiku ule mmoja, au anapima umbali uliopo kati ya usiku ule na santuri aliyoizoea tangu utotoni, au, bila kujua, anapima huzuni yake mwenyewe, kwa kuwa ujana wa msanii ulikuwa ujana wake pia. Vipimo hivi havipatani, na anayevichanganya hutoa hukumu isiyomhusu mtu yeyote aliyekuwapo jukwaani.

Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ni mahali panapofaa kuliuliza swali hili, kwa sababu imetoa wanamuziki wa kulinganishwa na imetoa pia msamiati wa kuwalinganisha. Mwaka 1945 kilichapishwa mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kitabu cha padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, kuhusu falsafa ya Wabantu, ambamo alidai kwamba kwao kuwako ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu hiyo huongezeka au hupungua kadiri mtu anavyohusiana na wengine, walio hai na waliokufa. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alimlaumu baadaye kwa kuwavika watu wengi falsafa moja isiyo na mwenyewe, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo kitabu si kitu pekee alichokiacha Tempels. Katika miaka ya 1950, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi wa upande wa Kolwezi, palizuka chini yake vuguvugu la Kikatoliki lililoitwa Jamaa, ambalo mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili na kuzunguka maneno matatu: uzima, yaani uhai ulio kamili na wenye nguvu, uzazi, yaani uwezo wa kuzaa, kwa mwili na kwa roho pia, na mapendo, yaani kule kuungana ambako kukikosekana mawili ya kwanza hukauka. Maneno haya yalishikwa na kufanyiwa kazi na waume kwa wake zao katika kambi za migodi, hata yakaacha kuwa ya padri, na ndiyo maana yanaweza kuazimwa hapa bila kuubeba mzigo wote wa kitabu.

Mfano wa kwanza ni Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, ambaye alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, palipokuwa makao ya mfalme Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka kusini na katikati ya Afrika akiwa na mitambo ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akamrekodi kipande cha gitaa kiitwacho Masanga, ambacho kilisambaa kwa santuri na redio mpaka kikawa kwa wapigaji wengi wa Afrika Mashariki kama mtihani wa kuingilia. Mwenda alikuwa akikwanyua nyuzi kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikifuma sauti ya juu, na msikilizaji asiyeona mikono yake huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la muziki wa asili la Newport, nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 39 tu; lakini kwa waliomjua kutokana na santuri iliyorekodiwa miaka 17 nyuma, alikuwa tayari mkongwe, jambo linaloonyesha kwamba ukongwe si hesabu ya miaka ya mwili bali ni muda ambao kazi imeishi mbali na mwenye kazi. Baadaye alialikwa Ulaya mwaka 1982, akarekodi tena Cape Town mwaka 1988, na mwaka 1990 akafa katika ajali ya gari nchini Zambia.

Hapa ndipo kipimo cha santuri kinapoanza kuyumba. Msomi David Rycroft, aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu gitaa la Mwenda, alikuta kwamba kinachostahili kuchunguzwa ni ubunifu wa papo hapo, yaani namna mpigaji anavyougeuza mzunguko uleule kila anaporudi kwake. Ikiwa ndivyo, rekodi ya 1952 si Masanga yenyewe ambayo maonyesho ya baadaye yanajaribu kuifikia. Ni Masanga ya siku moja, iliyonaswa kwa sababu mtu mwenye mtambo alipita siku hiyo. Anayesikitika kwamba mzee hakupiga kama kwenye santuri anamdai mzee airudie sadfa.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, ambayo kwa mwenyeji wa Lubumbashi si ugeni, kwani mawe ni yaleyale chini ya ardhi na Kibemba husikika pande zote mbili. Huko, katika miaka ya 1970, vijana waliokua karibu na migodi walitengeneza roki yao wenyewe, yenye magitaa ya umeme yaliyokwaruza kwa makusudi, ambayo baadaye iliitwa Zamrock. Bendi mashuhuri kuliko zote iliitwa WITCH, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wanakusudia kuleta vurugu, na ambacho kikisomwa kama neno moja humaanisha mchawi. Mwimbaji wake, Emanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Rolling Stones. Uchumi wa shaba ulipoporomoka muziki huo ulinyauka, na UKIMWI uliwaondoa wengi wa kizazi kile. Jagari alibaki, akawa mchimbaji wa vito. Santuri zake zilipotolewa upya nje ya nchi miongo kadhaa baadaye, aliitwa tena jukwaani, na bendi ya WITCH inayozunguka leo katika matamasha ya Ulaya na Marekani, iliyotoa albamu mpya mwaka 2023, ina yeye, ina Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga bendi ilipokwisha kuingia zama za disko, na ina vijana wa Kiholanzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati Lazy Bones!! ilipotoka mwaka 1975.

Je, hiyo ni WITCH? Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo la merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja zilipooza mpaka haukubaki ubao wa mwanzo, wakaulizana kama ni merikebu ileile. Fumbo hilo hudhania kwamba utambulisho wa kitu umo katika vipande vyake au katika umbo lake, na ndiyo maana haliishi. Mfuasi wa Jamaa angeuliza swali jingine. Asingetazama mbao, bali angetaka kujua nani amezaliwa na nani, kwa sababu katika mafundisho yale mtu huwa mzazi pale anapomwingiza mwingine katika uzima alioupokea yeye mwenyewe, na aliyezaliwa hivyo ni mtoto hata kama rangi, lugha na umri vinakataa. Kwa kipimo hiki Mholanzi anayempigia Jagari besi si kiraka. Kinyume chake, bendi yenye wanachama wote wa asili, waliokusanywa ili warudie nyimbo zao nukta kwa nukta kisha warudi hotelini, inaweza kuwa kamili kwa mbao na tasa kwa uzazi.

Ni lazima ikubalike kwamba kipimo hiki kinamwonea Mwenda kidogo, kwa kuwa mpigaji wa peke yake anayesimama Newport mbele ya watu wasiojua Kiswahili hana mtu wa kumzaa pale. Lakini uzazi wake ulikwisha kutangulia: ulikuwa Nairobi, ulikuwa Likasi, ulikuwa katika vidole vya watu wasiojulikana. Kwa hiyo kulinganisha maonyesho mawili ya tamasha bila kutazama nje ya uzio wa tamasha ni sawa na kulinganisha miti miwili kwa vivuli vyake vya saa sita mchana.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kuichunguza Jamaa yenyewe, alitoa mwaka 1990 kitabu kilichotokana na kazi yake pamoja na kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi. Alikuwa ameuliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na badala ya kujibu kwa maelezo waigizaji wakautungia mchezo. Hoja aliyoitoa humo ni kwamba yapo maarifa ambayo hayajakaa mahali yakingoja kuulizwa, bali hupatikana katika kutendwa tu. Hoja hiyo ikihamishiwa kwenye muziki, mzee jukwaani si ghala linalofunguliwa ili watu waone kilichosalia. Anachokijua kinakuwapo anapokitenda, na kinakuwapo kwa namna ya mwili alio nao sasa, wenye pumzi fupi na vidole vizito.

Tofauti ya ghala na tendo huonekana waziwazi katika mtaa kama Kasungami, ulioko kwenye Komini ya Annexe inayouzunguka mji wa Lubumbashi, ambako hakuna anayengoja tamasha ili kuwasikia wazee. Karindula, ambayo ni kama banjo kubwa iliyoundwa kwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, lenye shingo ndefu ya mti na nyuzi nne, hupigwa penye pombe, penye harusi na penye kilio, yaani mkesha wa kumwomboleza marehemu nyumbani kwake. Tamasha humwomba mzee sampuli: dakika arobaini, nyimbo zinazojulikana, kisha apishe mwingine. Kilio kinamtaka kazi, kwa maana usiku ni mrefu na waliofiwa hawatakiwi kuachwa peke yao na ukimya. Hapo hakuna anayeuliza kama anapiga kama zamani, na si kwa sababu wasikilizaji ni wapole kuliko wa Newport, bali kwa sababu swali hilo halina pa kushika.

Agustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliuchunguza wakati kwa mfano wa mtu anayekariri zaburi: kabla ya kuanza, zaburi yote iko katika kutazamia, na kadiri anavyoendelea inahamia katika kumbukumbu, mpaka kutazamia kunapokwisha. Aliona kwamba maisha ya mtu yako hivyohivyo. Kwa mwanamuziki mkongwe mifano hiyo miwili hukutana, kwani sehemu kubwa ya maisha yake imekwisha kuhamia upande wa kumbukumbu huku ubeti alio nao mdomoni bado una sehemu ya kutazamiwa, na huenda mvuto wa mzee jukwaani unatoka humo kuliko katika sauti. Lakini Agustino alimfikiria mkariri mmoja, ambaye zaburi ikimwishia imekwisha. Karibu na alfajiri, umande unapoilegeza ngozi ya karindula na sauti yake kuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, mpigaji huisogeza kwenye moto na kuikausha taratibu akiigongagonga kwa vidole, na wakati huo kuimba hakukatiki, kwa kuwa wanawake walioketi chini huupokea wimbo kwa makofi na kuuendesha kwa mwendo wao wenyewe, hata ngozi inapokaza mzee hulazimika kusikiliza kwanza ili ajue umefika wapi.