Mieleka ya Kuigiza na Swali la Uongo

Mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha tatu alituuliza swali tulipokuwa tukieleza darasani tofauti iliyopo baina ya kudanganya, kuigiza na kusingizia. "Mwalimu," alisema, "mtu akidanganywa, naye anajua kwamba anadanganywa, je, amedanganywa?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali hilo tumetembea nalo tangu utoto. Wala hatukulipata kwa mwalimu au kitabuni. Tulilipata katika pambano moja la mieleka lililopiganwa ng'ambo, ambalo tuliliona kwa kaseti ya video miaka michache baadaye.

Tamasha lenyewe liliitwa WrestleMania III, na lilifanyika tarehe 29 Machi 1987 katika uwanja wenye paa wa Silverdome, mjini Pontiac, jimbo la Michigan, Marekani. Waliolitayarisha walitangaza kwamba watazamaji walikuwa 93,173. Yalikuwapo mapambano 12 siku ile, lakini lililongojwa na wote ni la mwisho, baina ya Hulk Hogan, bingwa mwenye mkanda, na Mfaransa aliyejulikana kwa jina la André the Giant. Huyu André alikuwa pandikizi la mtu hasa. Uzito wake ulitangazwa kuwa ratili 520, yaani kilo 236 hivi. Watangazaji walituapia kwamba kwa muda wa miaka 15 hapana aliyepata kumshinda, wala aliyepata kumnyanyua na kumbwaga chini.

Sisi tuliliona pambano hilo katika kibanda cha video, mtaa mmoja wa Kampala, Jumapili alasiri, tukiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kiingilio tulikipata kwa kuwatekea majirani maji. Wasomaji wetu wa Uganda waijua vyema desturi ya vibanda hivyo: mfasiri huketi pembeni na kipaza sauti chake, akayageuza maneno ya Kiingereza kuwa ya Kiganda, na kuyatia chumvi kadiri apendavyo. Katika hadithi ya Wamarekani, Hogan na André walikuwa marafiki, kisha urafiki ukavunjika kwa sababu ya ule mkanda. Mfasiri wetu hakuridhika na sababu nyepesi kama hiyo. Aliwafanya kuwa mashemeji waliogombana kwa ajili ya mahari. Mpaka leo twaona kwamba hatujapata kusikia tafsiri iliyowafaa wasikilizaji wake kuliko ile.

Mwanzoni tu Hogan alijaribu kumwinua André. Mgongo ukamshinda, na lile jabali likamwangukia. Mwamuzi akahesabu, ikasalia kidogo kufikia tatu. Kibanda kizima kilipiga kelele. Yapata dakika kumi na mbili zilipita hivyo, za kukumbatiwa, kusukumwa na kusombwa, ndipo Hogan akamwinua kweli, akambwaga, akaruka na kumwangukia kwa mguu, na hesabu ikatimia. Tuliwaona watu wazima wakikumbatiana na watu wasiowajua.

Njiani, tukirudi nyumbani, kaka yetu alitwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wale walikwisha kupatana. Mshindi alijulikana kabla hawajapanda ulingoni." Hatukusema naye siku mbili. Tulihisi tumeibiwa, na ajabu ni kwamba tulimkasirikia yeye, si wale walioichukua fedha yetu.

Sasa na tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu. Wengi husema mieleka ya aina hii ni uongo, basi, na maneno yamekwisha. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwigizaji anayekufa jukwaani, kisha akaenda zake kula chakula cha jioni, hatumwiti mwongo. Wala bibi anayetwambia kwamba sungura alimjibu fisi. Roland Barthes, mtaalamu wa Kifaransa, alikiita kitabu chake cha mwaka 1957 Mythologies, akakifungua kwa insha juu ya mieleka hii, na moja ya hoja zake ni kwamba mtazamaji hajali kama pambano limepangwa au halikupangwa. Twakubaliana naye kwa mtu mzima wa mjini Paris aliyekwenda kutazama huku akijua. Lakini mtoto wa kibandani hakuwamo katika mapatano hayo. Jukwaa la tamthilia lina pazia, na hadithi ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Mieleka kwa miaka mingi iliuziba mlango, ikaapa kwamba hakuna mlango.

Na kiapo hicho kilishikwa kwa nguvu. Wanamieleka waliokuwa maadui ulingoni walitakiwa wasionekane pamoja mbele ya watu. Miezi miwili tu baada ya tamasha la Pontiac, wawili wa namna hiyo walikamatwa na polisi katika jimbo la New Jersey kwa kosa la madawa ya kulevya. Kosa hilo lilikuwa kubwa la kutosha, lakini lililowashtua mashabiki ni kwamba walikuwa wakisafiri katika gari moja, kama marafiki. Tafadhali msomaji alitafakari hilo: siri iliyofichuka ilikuwa urafiki wao. Ilipofika mwaka 1989, kampuni ile ile ilikiri mbele ya Baraza la Seneti la jimbo hilo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano ya michezo. Wala haikukiri kwa kuumwa na dhamiri. Ilikiri ili ipate kuepuka usimamizi na kodi zilizohusu michezo. Waama, mfuko una ulimi mwepesi kuliko moyo.

Turudi kwa André, maana hapa ndipo penye uzito. Mtu yule alikuwa mgonjwa. Alikuwa na maradhi yaliyoufanya mwili uzidi kukua pasipo kiasi, mgongo wake ulikuwa umepasuliwa, na siku ile alivaa mshipi wa kuutegemeza mgongo chini ya nguo zake za mieleka. Alifariki mjini Paris mwezi wa Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 46, alipokwenda Ufaransa kumzika baba yake. Mtu mwenye uzito ule habebwi bila ridhaa yake. Ili abwagwe ilimpasa akubali, akautoa mgongo wake mbovu na jina lake lote, akaviweka mikononi mwa mwenzake mbele ya umati. Naye Hogan, aliyeonekana kumwangamiza, kazi yake kubwa ilikuwa kumshusha kwa namna ambayo angeweza kuinuka tena.

Ndivyo ilivyo katika kazi hiyo yote. Anayebwagwa hukaza kidevu na kuutawanya mwanguko juu ya mgongo mpana. Anayebwaga huilinda shingo ya mwenziwe kama yai. Siku hiyo hiyo ya Pontiac, Randy Savage na Ricky Steamboat walipigana pambano ambalo mashabiki wengi wanalihesabu kuwa bora kuliko la Hogan, nasi tu miongoni mwao. Katika hadithi, Savage alikuwa amemwumiza Steamboat koo asiweze kusema. Kwa kweli, watu hao wawili walikuwa wamekaa pamoja kabla ya siku hiyo, wakapanga hatua kwa hatua, na kila mmoja akajifunza zamu ya mwenzake. Sisi walimu wa lugha twaweza kuona kwamba Kiswahili hakikudanganyika hapo: twasema watu wanapigana mieleka, na ile -an- haikubali mtu mmoja.

Basi, tulichofichwa utotoni hakikuwa aibu. Tulifichwa huruma. Tulionyeshwa nguvu na chuki, ambazo zilikuwa za kuigiza, tukafichwa uangalifu, ambao ulikuwa wa kweli. Twauliza: kama siri ni jambo jema kiasi hicho, kuificha kuna dhara gani?

Dhara tuliliona kwa macho yetu. Wiki chache baada ya ile Jumapili, tulikusanyika chini ya mwembe wa shule tukaigiza pambano. Mwenzetu mmoja, mnene kidogo, alipewa kuwa André. Wawili kati yetu tulimwinua, tukambwaga jinsi tulivyodhani Hogan alibwaga, yaani kwa nguvu zote, juu ya mizizi. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Hatukumchukia hata chembe, tulikuwa tukimpenda. Hatukujua tu kwamba anayebwagwa sharti alindwe, kwa sababu sehemu hiyo ya mchezo ndiyo waliyoapa wasituonyeshe.

Kuna uongo mwingine katika habari hii, nao hautuumizi sana. Kwa mfano, si kweli kwamba André hakupata kubwagwa kabla. Hogan mwenyewe alimbwaga mwaka 1980 katika uwanja wa Shea, New York, ila siku hiyo mshindi alikuwa André. Na ile hesabu ya watazamaji 93,173 imebishiwa na waliochunguza, wakasema imeongezwa kwa maelfu mengi. Huo ni uongo wa mchuuzi anayesifu samaki wake. Mwenye akili hununua huku akitabasamu. Ule wa kwanza ni wa namna nyingine, kwa sababu aliyeulipia hakuwa mnunuzi mwenye akili, alikuwa mtoto mwenye mifupa laini.

Wako watakaosema kwamba mchezo ukifunuliwa utamu wake hufa. Hatuoni hivyo. Hapa kwetu Uganda, katika Mukono, vijana wamejitengenezea ulingo wa udongo katika miaka hii ya karibuni, nao hubwagana matopeni mbele ya watu ambao wote wajua kwamba ni maigizo. Kelele za watazamaji hao hazikupungua kuliko zile za kibandani. Hata sisi tunapoitazama upya ile filamu ya Pontiac, moyo hutupiga zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa tunamwogopea André mwenyewe.

Yule mwenzetu wa mwembeni yu hai, ni mwenye duka, na mtulinga wake una kinundu anachopenda kukionyesha. Tulimtembelea tulipokuwa tukiandika maneno haya, tukamwuliza kama angependa kuambiwa ukweli kabla ya siku ile. Alifikiri kwa muda. Akasema kwamba hata angeambiwa na mwalimu mkuu, asingesadiki. Alikwisha kumwona kwa macho yake yule mtu mkubwa akiinuliwa. Kisha akavuta kigoda karibu, akatuomba tumwonyeshe tena mahali pale.