Sifa Haziungwi Nazi

Mjukuu wangu, mitihani inakaribia kwisha, na nasikia wewe na wenzako mnaosomea uchoraji na usanifu michoro mnaulizana likizo hii mtajishikiza wapi. Kuanzia Julai mpaka chuo kifungue tena ni muda mrefu. Tafuta kazi. Hilo nalitanguliza, usije ukadhani babu yako anakukataza.

Ninachokukataza ni kimoja tu. Usimfanyie kazi ya bure mtu anayejua kuhesabu pesa zake.

Utakutana nao. Mmoja anafungua mgahawa Sinza, anataka nembo, menyu na bango la nje, lakini malipo anasema yapo mbele ya safari, kwa sasa ujitangaze. Mwingine ana duka la nguo, anakuahidi koneksheni. Wa tatu ni ndugu wa rafiki yako, anataka kadi za mchango wa harusi na anaona haya hata kutaja bei, kwa sababu eti ninyi ni familia.

Kabla hujakubali, muulize yule wa mgahawa fundi umeme aliyemwekea taa alilipwa nini. Muulize seremala wa viti. Wote walilipwa pesa. Kwa nini basi aliyesomea rangi alipwe maneno?

Sifa haziungwi nazi, mjukuu wangu. Nakuomba ulishike hilo.

Najua utanijibu kwamba wewe bado mwanafunzi, hujulikani, lazima uanze mahali. Ni kweli, uanze. Lakini bei uliyoikubali mwanzo hukutangulia kila mlango unaobisha. Nimewaona waliopita njia hiyo. Likizo ya kwanza kijana anachora bure. Ya pili anachora kwa nauli. Akimaliza chuo, mteja yule yule anashangaa kusikia bei, anasema mbona mwaka jana ulinisaidia. Kijana anapunguza, anapunguza tena, na ili ale lazima afanye kazi nyingi kwa haraka. Hapo ndipo anapoanza kuchukua nembo za watu kwenye intaneti, anageuza rangi, anabadilisha herufi, anakabidhi. Mkono unazoea. Jicho nalo linaacha kutafuta.

Ukikutana naye miaka kadhaa baadaye ameshaacha kuchora. Atakuambia sanaa hailipi. Sanaa ilikuwa inalipa siku zote zile, ila waliokuwa wanapokea ni wengine.

Nikukumbushe mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha. Alisema alishiriki kuchora nembo ya Taifa, ile yenye mwanamume na mwanamke, mwenge na mlima Kilimanjaro, iliyo kwenye pesa zetu na kwenye pasi za kusafiria. Uzee ulimkuta Buguruni katika dhiki. Alifariki Muhimbili, Mei 2017, nchi ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuuliza habari zake. Na hata alipokwisha kuzikwa watu waliendelea kubishana ni nani hasa aliyeichora, kwa kuwa wapo waliomtaja mwingine. Mimi siamui ugomvi huo. Nataka uone tu kwamba mchoro unaotazamwa na mamilioni kila siku unaweza kukosa mwenyewe, kama hakuna karatasi.

Sasa mtazame Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru. Alichora kwenye mbao za dari kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Lakini pale chini ya mchoro aliandika jina lake. Wangapi wameuiga mtindo ule tangu wakati huo, kuanzia wanafunzi wake mwenyewe mpaka wachuuzi wa Unguja? Hawahesabiki. Hata hivyo ukisema Tingatinga, dunia inajua unamtaja mtu.

Mkono usio na jina hula makombo. Weka jina, mjukuu wangu. Weka jina hata kwenye kadi ya harusi, dogo, pembeni.

Basi uende wapi? Watakushauri utafute ofisi yenye kiyoyozi katikati ya mji, ukae mapokezi ukisubiri watu wa matangazo wakukumbuke. Mimi nakutuma Kariakoo, kwenye duka la kuchapa. Nenda pale panaponuka wino, wanapochapa fulana, mabango, kalenda na vitabu vya risiti. Mshahara ni mdogo, lakini ni mshahara, na utajifunza kitu ambacho darasa linakisema tu.

Utajifunza kwamba rangi ya kwenye kioo cha kompyuta siyo rangi ya wino. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mtambo unachapa kwa samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Ile bluu inayong'aa uliyoipenda usiku ukiwa bwenini itatoka kwenye karatasi imefifia, na mteja atakataa kulipa mabango yote. Utajifunza kuacha milimita 3 za ziada kila upande, kisu kisije kikaacha ukingo mweupe. Utajifunza kunyoosha kitambaa kwenye fremu, kukipaka dawa, kukichoma kwa taa, na kuvuta wino kwa mkono mmoja usiotetereka. Ukivuta fulana ya mia, utaelewa kwa nini mwalimu alikukataza kutumia rangi saba kwenye nembo.

Mheshimu fundi wa mtambo kuliko mwenye duka. Huenda hakusoma unachosoma wewe, lakini anajua karatasi. Msalimie kwanza, mbebee rimu, muulize. Anayekujibu swali amekuongezea mshahara.

Na nakusihi sana kuhusu tina, ile ya kuyeyushia wino. Usikae nayo katika chumba kilichofungwa, usinawe nayo mikono, usile ukiwa na wino vidoleni. Wenzangu tuliopaka nao vibao walikuwa wakicheka ninapofungua dirisha. Kikohozi chao nakijua. Wakikuambia dirisha halifunguki, tafuta duka jingine.

Yapo pia mambo ya kukimbia kabisa. Ukiambiwa ulipe pesa ya fomu au ya mafunzo ndipo upewe kazi, ondoka, hiyo siyo kazi. Ukisikia kampuni imetangaza shindano la nembo kwa wanafunzi, soma masharti mpaka mstari wa mwisho. Mara nyingi utakuta anayeshinda ni mmoja, ila michoro yote inabaki kwao. Unawachorea bure, nao wanachagua.

Sasa karatasi. Usione haya kuomba karatasi. Hata ukurasa mmoja unatosha: unafanya nini, kwa bei gani, lini, utarekebisha mara ngapi, jina lako litakaa wapi, na unaruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kwa wengine au huruhusiwi. Hilo la marekebisho usiliruke, maana mteja asiyewekewa mpaka atakurudisha kwenye herufi ile ile mpaka chuo kifungue. Chukua advansi ya nusu kabla hujaanza. Wakati wa kuonyesha, peleka picha ndogo yenye jina lako limepita katikati. Faili lenyewe, lile linalofunguka na kubadilishwa, libaki kwako mpaka nusu ya pili iingie. Ukilitoa mapema, simu yako haitapokelewa tena.

Mchoro ni wako tangu unapouchora, hata kama hukuusajili popote. Lakini ukilala, utakuponyoka. Binamu yako anayesoma Nairobi mwambie awe macho zaidi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mtu inahesabika kuwa haki yake imehamia kwa huyo aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hayo makubaliano mengine ni yapi, kama hukuandika kitu? Ahadi ya mdomo haina risiti.

Kama utafanya kazi ya bure, na najua moyo wako utakutuma, ifanye kwa asiyeweza kukulipa. Kachore ukuta wa shule ya msingi pale mtaani. Kamchoree mama ntilie kibao cha bei. Hao hawakudanganyi.

Nakuomba, mjukuu wangu, usiogope kuonekana mgumu. Anayekuita mgumu kwa sababu umetaja bei alikuwa amepanga kutolipa.

Ukipata mahali, usiweke sahihi siku hiyo hiyo. Sema unakwenda kuonyesha nyumbani. Uniletee karatasi hiyo hata kama ni usiku, nitatafuta miwani, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.